Mke wa Daktari wa Ganzi

Mumewe aliposema "tusubiri kidogo" kwa mara ya tatu, mwalimu wa udereva alilitazama beseni la chuma lililokuwa kando ya kitanda, akapima umbali kati ya beseni hilo na kichwa cha mume, akaona linafika. Kilichomwokoa mume ni uchungu. Ulianzia kiunoni, ukazunguka mpaka chini ya tumbo, ukambana hata akalisahau beseni, akamsahau na mume, akabaki ameng'ang'ania chuma cha kitanda.

"Pumua, mwalimu," mume akamwambia, akimpapasa bega. "Polepole, kwa pua."

"Usinifundishe kupumua!"

Hilo "mwalimu" ndilo lililomuudhi zaidi. Lilikuwa jina lao la faraghani, tangu siku mume alipokuja kwake kujifunza kuendesha gari, kijana mtanashati mwenye miwani, mwanafunzi mbaya kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Kila akitaka kubadilisha gia, macho yote mkononi, barabara kaiachia Mungu. Mwalimu alikuwa na breki yake upande wa abiria, na kwa mwanafunzi yule breki ile iliisha mapema. "Usitazame gia!" alimpigia kelele wiki nzima. "Gia haikimbii! Nani amekwambia gia itakimbia? Tazama mbele!" Akafeli mtihani mara mbili, na mara ya tatu, alipofaulu, alirudi na leseni mkononi akauliza kama anaruhusiwa sasa kumtazama mwalimu. Ndiyo mapenzi yao yalivyoanza, na jina hilo lilikuwa tamu hadi asubuhi ya leo.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kikimtia wazimu. Mume huyu alikuwa daktari wa ganzi katika hospitali hiihii. Kazi yake ya kila siku, mwaka wa sita huu, ni kuwachoma wanawake wenye uchungu sindano ya mgongo, ile inayoacha kimrija chembamba kama uzi, dawa ikateremka kidogokidogo mpaka maumivu yakatulia, na mwanamke akabaki macho, anaongea, anamsubiri mwanawe kwa amani. Wanawake waliokuwa wakitukana waume zao dakika ishirini kabla humshika mkono na kumwombea maisha marefu. Manesi walimwita Bwana Ganzi. Na leo, mkewe mwenyewe akiwa chumba namba nne tangu kulipopambazuka, Bwana Ganzi kazi yake ni kupapasa bega na kusema tusubiri.

"Tunasubiri nini?" mke aliuliza uchungu ulipomwachia. "Niambie tu. Tunasubiri basi?"

"Nilitaka tuone kwanza unavyoendelea."

"Naendelea vibaya! Umeona?"

Kwenye kiti cha pekee mle chumbani alikaa mama mkwe, kajifunga kitambaa chake cha kutokea, chupa ya chai mapajani. Alikuwa amekuja tangu saa mbili, na tangu saa mbili alikuwa akihema kwa niaba ya kila mtu.

"Mwanangu," alimwambia mke kwa sauti ya upole, ile ya mtu aliyekwisha kushinda, "mbona unamsumbua mwenzio bure? Si mambo haya tuliyamaliza Jumapili?"

"Tuliyamaliza mambo gani, mama?"

"Haya ya sindano. Mwenzio alikuja nyumbani akanipa neno lake. 'Mama, usiwe na wasiwasi, hatachomwa.' Ndipo nikapata usingizi."

Mume aligeukia dripu, akaanza kuyatazama matone kama vile ndiyo kwanza aone maji.

Mwalimu wa udereva alihisi damu inampanda kichwani. Mwezi wa tano wa mimba, yeye na mume walikaa mezani jikoni, mume akamchorea uti wa mgongo nyuma ya bahasha, pingili kwa pingili, akamwonyesha sindano inapopita na isipofika. Mke alimwuliza maswali yote, hata ya kijinga, naye akayajibu yote. Mwishoni mke akasema, "Basi mimi nataka." Mume akambusu kipaji cha uso akasema, "Nitahakikisha." Bahasha ile mpaka leo ilikuwa kwenye mkoba wake.

"Jumapili," mke alisema polepole. "Jumapili uliniambia unakwenda kumrekebishia mama bomba."

"Bomba pia nilirekebisha."

"Loh! Hongera!"

Kabla hajaendelea, mlango ukafunguliwa, akaingia mkunga, mama mnene mwenye mikono ya kazi na macho yasiyocheka na mtu. Alivaa glavu, akampima, akasema njia imefunguka sentimita tano, mambo yanakwenda vizuri. Kisha akaanza kupekua faili lake, mbele, nyuma, mbele tena.

"Fomu yako ya ganzi iko wapi, mama?"

Katika hospitali ile, mwanamke anayetaka sindano ya mgongo huonwa mwezi mmoja kabla. Huulizwa magonjwa yake, hutolewa damu, hujaziwa fomu ya kijani, na fomu hubanwa juu kabisa ya faili, asije mtu akaitafuta mwenye nayo akiwa anapiga mayowe.

"Bwana Ganzi," mkunga aliuliza, "fomu ya mkeo uliibakiza nyumbani?"

"Mimi? Mimi nilijua mlimjazia kliniki."

"Kliniki tulijua umemjazia wewe! Alipokuja tukasema, huyu mke wa daktari, apange foleni ya nini? Mumewe atampima sebuleni kwake."

"Sebuleni?" mke alidakia. "Sebuleni kwangu nimepimwa na nani? Na televisheni?"

Hakuna aliyecheka. Wanawake wote wa jengo zima walikuwa na fomu ya kijani, hata yule wa chumba cha pili aliyeapa kwamba akiiona sindano anaruka dirishani. Asiyekuwa nayo alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye analala kitanda kimoja na mwenye sindano.

Mkunga aliitazama saa yake. "Sikilizeni. Sasa ni saa nne na dakika tano. Daktari wa ganzi wa zamu yuko mmoja tu, na saa tano kamili anaingia thieta, upasuaji mrefu. Akiingia huko hatumwoni mpaka alasiri. Na wewe, mama, kwa mwendo huu, alasiri utakuwa umemkumbatia mtoto. Kama unataka sindano, damu itoke sasa hivi, majibu yaje, fomu ijazwe. Kama hutaki, sema, tuendelee na mengine."

"Nataka."

"Lakini tungesubiri kido..." mume alianza, na ya nne hii hakuimaliza. Macho ya mkewe yaliikata.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, akiishusha chupa ya chai sakafuni, "mimi sikuchukii. Mgongo wa mwanamke ndio mtaji wake. Nimezaa watano, huyu wa mwisho alinilaza siku mbili, na sikuchomwa hata kidole. Leo niko hapa, natembea."

"Mama, mwanao anawachoma wanawake wanne kwa siku. Unamsifu mtaa mzima."

"Hao si wakwe zangu!" Kisha akamgeukia mwanawe. "Na hofu hii nimeitoa wapi? Si kwako? Ulipokuwa chuoni si ulikuwa unakuja na madaftari yako, unakaa pale jikoni unanisomea? Miguu kufa ganzi, presha kushuka, kichwa kuuma wiki nzima. Ulikuwa unasoma na mimi nakatakata vitunguu, machozi yananitoka, ukadhani ni vitunguu!"

Kumbe mtu aliyemtisha mama ni mwanawe mwenyewe, akijiandaa na mitihani. "Lakini hayo ni mara chache sana, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana tunapima, ndiyo maana tunakaa karibu na mgonjwa."

"Basi mwambie hivyo!" mke alifoka. "Mwambie kwa sauti! Kwa wagonjwa wako unasema kama redio, kwa mama yako umekuwa bubu!"

"Usinikaripie mbele ya..."

"Nitakukaripia mbele ya yeyote! Mgongo ni wangu!"

Uchungu ukaja tena, na huu haukubisha hodi. Aliinama, akauma shuka, akasikia sauti inatoka kifuani mwake ambayo hakuijua kama ni yake. Mkunga alimshika mkono mpaka ukapita. Alipoinua uso, jasho linamtiririka, alimwona mume kasimama palepale, mikono imening'inia, kapauka mdomo. Ndipo akaelewa. Mtu huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa, akaona heri ajifiche nyuma ya mama yake. Kuelewa huko hakukumpunguzia hasira hata chembe. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuogopa, na nafasi hiyo mume ameikalia.

"Leta hiyo fomu," alimwambia mkunga. "Na kalamu."

"Upande huu ni sahihi yako, mama. Hapa chini ni ya ndugu, lakini ya kwako inatosha."

"Inatosha?"

"Mwenye maumivu ndiye anayesaini. Huyo mwingine ni shahidi tu."

Alisaini, herufi zikapanda na kushuka. Mkunga akamtoa damu, akaandika jina kwenye kichupa. Mwalimu wa udereva akamtazama mumewe.

"Umeona? Sihitaji ruhusa yako, wala ya mama. Sahihi yako siihitaji." Sauti yake ilianza kukatika na hilo likamuudhi zaidi. "Wewe ndiye ninayekuhitaji. Nilidhani nina mume, kumbe nina msemaji wa ukoo. Kama huwezi kusimama upande wangu leo, usisimame kabisa. Toka. Nitalia na mkunga."

Mume akanyoosha mkono, akakipokonya kichupa cha damu mkononi mwa mkunga, akatoka. Mlango ukajifunga wenyewe taratibu nyuma yake.

"Basi," mama mkwe alisema. "Umemfukuza."

Mke alitazama ukutani ili machozi yatoke upande asiouona mama mkwe. Alikuwa amemfukuza kweli, naye kaondoka kweli, kama mwanafunzi anayeambiwa kwa hasira "shuka kwenye gari" akashuka. Nani hushuka? Si unaambiwa tu! Uchungu ukaja mara ya kwanza tangu aondoke, ukaja na mara ya pili. Wa tatu ulipokuja alisikia mkono mgongoni mwake, mkavu, wa mtu mzima, unasugua palepale penye moto. Ulikuwa wa mama mkwe. Wote wawili walijifanya mkono ule haukuwepo.

Saa nne na dakika thelathini na saba mlango ulipigwa bega. Mume aliingia anahema, shati limechomoka, miwani upande, karatasi ya majibu mkononi. Watu wa maabara walisimulia baadaye kwamba Bwana Ganzi, asiyepata kuonekana akikimbia hata kengele ya moto ilipolia, aliingia mbio akasimama juu ya mashine ya damu mpaka ikatoa majibu, akiwa amewaambia, "Mke wangu anaumwa," kana kwamba mle ndani hajawahi kuumwa mke wa mtu. Nyuma yake alikuja daktari mwenzake wa zamu, mama mrefu aliyeitwa Taratibu, kwa kuwa hakuna kitu duniani kilichowahi kumharakisha.

"Damu yako iko sawa," mume alisema. Kisha akageuka. "Mama."

"Naam."

"Jumapili nilikuahidi kitu ambacho si changu. Mgongo si wangu. Yeye ameamua tangu mwezi wa tano, na mimi nilikubali, nikaja kwako nikakosa ulimi. Atachomwa sindano. Na yale niliyokusomea jikoni, nilikusomea nusu. Nusu ya pili, jinsi tunavyomlinda mtu, sikukusomea, kwa sababu ile nilikuwa naijua tayari. Nisamehe. Lakini atachomwa."

Mama mkwe aliichukua chupa yake ya chai, akasimama, akajinyoosha. "Haya. Mimi ni nani?" akasema, akatoka.

Mwalimu wa udereva angependa kusema neno tamu. Lililomtoka ni, "Ulikuwa wapi muda wote huo?"

"Maabara."

"Ungeaga!"

"Ungenizuia nisiende?"

"Ningekwambia ukimbie!"

Taratibu alikwisha kuvaa kofia na barakoa, anapanga vifaa vyake kimoja baada ya kingine. Mume alikwenda kwenye sinki, akanawa mikono mpaka viwikoni, akanyoosha mkono kuchukua glavu.

"Unafanya... nini?" Taratibu akauliza.

"Nitamchoma mimi. Dakika kumi tu. Wewe saa tano unatakiwa..."

"Hapana."

"Naujua mgongo wake kuliko..."

"Ndiyo maana... hapana. Kanuni unaijua, umeiandika... wewe. Nenda kule mbele... kwa waume."

Miaka sita hakuwahi kusimama kule mbele. Kila siku alikuwa nyuma ya mgongo, na waume wa watu ndio aliowapanga mbele na kuwaambia, mshike mabega, usitazame sindano, mtazame yeye. Akakizunguka kitanda kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe. Mkewe alikuwa amekalishwa ukingoni, kakumbatia mto, mgongo umepinda kama wa paka aliyechokozwa. Mume akamshika mabega.

"Utasikia... baridi," Taratibu akasema.

"Najua. Halafu mchomo kama wa mdudu, halafu kusukumwa. Nisitikisike." Hotuba hiyo aliijua yote. Mume alijifunzia kwenye mgongo wake, kwa kalamu yenye kifuniko, walipokuwa bado wachumba. "Endelea, daktari. Haraka, kama neno hilo unalijua."

Baridi ikaja. Mchomo ukaja. Halafu, sindano ikiwa ndani, uchungu nao ukaanza kupanda kutoka kiunoni.

"Unakuja," alisema. "Unakuja, jamani!"

"Usi...tikisike," Taratibu akasema nyuma yake, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mchezo.

Mke akainua macho amtafute mume, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kushika. Na mume, ole wake, alikuwa amenyoosha shingo juu ya bega lake, macho yote kwenye sindano, midomo inacheza. "Inamisha kidogo," alikuwa akinong'ona. "Kidogo tu, kushoto..."

Hasira zote za asubuhi ile, beseni, Jumapili, bomba, sebule, vilimpanda kwa pamoja, vikatoka kwa ile sauti iliyowahi kusimamisha magari barabarani.

"Usitazame gia!"

Mume alishtuka kama aliyepigwa kofi.

"Gia haikimbii," mke alisema akikaza meno, machozi yanamtoka, mgongo hausogei hata nukta. "Tazama mbele. Nitazame mimi."

Akamtazama. Alishusha shingo, akaleta uso wake karibu mpaka miwani ikaingia ukungu kwa pumzi za mke, akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Ndani yake mke aliiona hofu yote aliyokuwa akiificha, bila dripu ya kuitazama wala mama wa kujifichia.

"Naogopa," mume akanong'ona.

"Najua. Mimi pia. Usiondoe macho."

"Siondoi."

"Nakupenda, na leo sikupendi kabisa."

"Najua, mwalimu."

Safari hii lile jina halikumuudhi. Walibaki hivyo, vipaji vya uso vimegusana, uchungu ukapanda, ukafika juu, ukamtikisa kila kitu isipokuwa mgongo, ukashuka.

"Tayari," Taratibu akasema, akibandika plasta. Akaitazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro dakika tisa. Akavua glavu, akatoka kwenda thieta kwa mwendo uleule.

Robo saa baadaye mkunga alimwonyesha mke mstari kwenye mashine, umepanda kama mlima. "Huo hapo ni uchungu."

"Huu? Huu ndio wangu?" Alisikia kitu kinabana kwa mbali, kama mkanda wa gari. Akaanza kucheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Mume alikuwa ameinamia karatasi ya mashine, anaisoma mstari kwa mstari.

"Umeanza tena."

"Samahani," akasema, akainua macho.

Mlango ukafunguka kiasi cha kichwa kupita. Alikuwa mama mkwe, chupa yake mkononi. Alitegemea kukuta mayowe. Akamwona mkwewe kajilaza, uso mkavu, anamtazama.

"Sasa husikii kabisa?" aliuliza.

"Nasikia anavyosukuma, mama. Maumivu ndiyo siyasikii."

"Na miguu?"

Mke akavichezesha vidole. Mama mkwe akaingia, akavisogelea vidole vile, akavitazama kwa muda mrefu kuliko vidole vinavyostahili kutazamwa. Alipoongea tena, alikuwa akiongea na shuka.

"Siku mbili zile za kumzaa huyu, kulikuwa na dawa. Nilisikia kwenye korido wakisema ipo. Hakuna aliyeniuliza kama naumwa."

Mwalimu wa udereva akamtazama mumewe. Alijua mkono wake unataka kwenda wapi, kwenye dripu, kwenye karatasi, kwenye miwani, mahali popote pasipo na uso wa mtu. Haukwenda. Mume alisimama akimtazama mama yake machoni, kama mtu aliyekutana naye leo.

"Uliumwa, mama?"

"Sana, mwanangu," mama akasema. "Sana." Machozi yakamtoka, na leo hakuwa na vitunguu vya kusingizia.

Mke alivumilia kidogo. Kisha akaona kwamba mume, daktari mzima, kasimama tu kama nguzo na mama yake kasimama tu analia, na kiti kile kimesukumwa mbali kule kwenye kona kupisha vifaa vya sindano.

"Jamani, mtu huyu!" akasema. "Msogezee mama kiti. Hapa, karibu yangu."